Jibu: Mabati au vigae kwa nyumba ya mbao Goma?

Ndugu, chukua mabati. Mita moja ya mraba ya bati haizidi sana kilo 4, wakati vigae vya saruji hufika 40 au zaidi. Ukuta mwepesi wa mbao hulemewa na mzigo huo, na ardhi yetu inatikisika: mwaka 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, sote tuliona. Paa jepesi halivuti kuta sana nyumba ikiyumba.

Ila usinunue kwa bei tu. Namba ya BG (kipimo cha unene wa bati) ikipanda, bati ni jembamba zaidi: BG 32 linajikunja mtu akilikanyaga, BG 28 linastahimili. Moshi wa Nyiragongo unatia asidi ndani ya mvua, na asidi hiyo inakula kwanza zinki iliyopakwa juu ya bati, kisha chuma. Kwa hiyo bati lililopakwa aluminiamu na zinki, au la rangi, linadumu kuliko la kawaida.

Kutu mara nyingi huanzia kwenye tundu la msumari. Piga msumari wenye mpira juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni ambako maji yanapita. Pandisha bati juu ya lenzake sentimita 20 kwa urefu, na migongo miwili ubavuni. Mteremko usipungue digrii 15.

Faida nyingine ni maji: paa la mita 50 za mraba likipata milimita 20 za mvua, ni karibu lita 1000. Yatumie kufua na kuosha. Usinywe, kwa sababu moshi huo huo wa volkano unaleta floridi, kemikali inayoharibu meno ikizidi.