Maswali ya Wasomaji: Marekani ilitafuta nini Kongo?

Swali: Ndugu Mhariri, hapa kijiweni kwetu tumebishana kwa muda mrefu kuhusu Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo). Wengi wanasema kwamba Marekani ilimwondoa kwa ajili ya madini ya jimbo la Katanga, na kwamba habari za ukomunisti zilikuwa kisingizio tu. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa historia, anasema kinyume chake: ilikuwa Vita Baridi, na madini hayakuhusika. Tunaomba mtuamulie. (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Ndugu msomaji, matukio yenyewe yakipangwa kwa tarehe, hoja ya madini inayumba mahali ambapo wenye kuitetea hawapatarajii, na hoja ya mzee wetu nayo haitoki salama.

Tuanze na urani, kwa kuwa ndiyo hutajwa kwanza. Ni kweli kwamba urani ya mgodi wa Shinkolobwe, huko Katanga, ilitumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Kibelgiji ya madini, Union Minière, alikuwa amekwisha kusafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe yake hadi ghala moja la Staten Island, New York, hata kabla ya jeshi la Marekani kumwendea. Lakini kufikia mwaka 1960 Marekani ilikuwa ikichimba urani nyumbani kwake na kununua nyingine kutoka Kanada na Afrika Kusini, na Shinkolobwe wenyewe ukafungwa mwaka huo huo.

Yabaki shaba na kobalti, ambazo zilikuwa na thamani kubwa kweli. Hapa ndipo penye jambo ambalo vijiwe vingi havilijui. Mwezi Julai 1960, wiki chache tu baada ya uhuru, Lumumba alitia saini mkataba wa miaka 50 na mfanyabiashara wa Kimarekani aitwaye Edgar Detwiler, ambao ungempa haki pana za kuendeleza madini na nishati ya nchi hiyo. Serikali ya Marekani ndiyo iliyojitenga na mkataba huo, kwa kuwa haikumwamini Detwiler, na haukufika popote. Tazama pia habari ya Katanga. Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo hilo, alipotangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, Union Minière ilimlipa yeye kodi zilizostahili kwenda Léopoldville, mji mkuu (leo Kinshasa). Kama Washington ingekuwa inaitumikia kampuni tu, ingesimama na Tshombe. Badala yake, chini ya Rais Kennedy, iliunga mkono operesheni ya Umoja wa Mataifa iliyoimaliza Katanga huru mwezi Januari 1963. Na Mobutu, rais wa baadaye wa Kongo, alipoitaifisha Union Minière mwanzoni mwa 1967, jambo ambalo Lumumba hakupata hata nafasi ya kulijaribu, hakuna aliyempindua; aliendelea kukaribishwa Ikulu ya Marekani, na mwaka 1989 alikuwa rais wa kwanza wa Afrika kupokewa na George Bush mkubwa.

Basi kosa la Lumumba lilikuwa nini? Baada ya jeshi kuasi tarehe 5 Julai na askari wa Ubelgiji kurudi bila ruhusa ya serikali, aliuomba msaada Umoja wa Mataifa, kisha mwishoni mwa mwezi huo akasafiri mwenyewe hadi Washington. Rais Eisenhower hakuonana naye. Alipokewa na Waziri wa Mambo ya Nje, Christian Herter, akaambiwa kwamba msaada wowote utapitia Umoja wa Mataifa, na Umoja wa Mataifa wakati huo ulikuwa haujakubali kumtoa Tshombe kwa nguvu. Mwezi Agosti alipokea ndege na malori ya Urusi ili kuwasafirisha askari wake mwenyewe, ndani ya nchi yake mwenyewe. Tarehe 26 ya mwezi huo Allen Dulles, mkuu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alimwandikia ofisa wake wa Léopoldville, Larry Devlin, kwamba kuondolewa kwa Lumumba lazima kuwe lengo la haraka na la kwanza. Mwezi Septemba mkemia wa shirika hilo, Sidney Gottlieb, aliwasili na sumu ya kutiwa katika chakula au hata katika dawa ya meno ya waziri mkuu huyo. Haikutumika, iliishia kutupwa Mto Kongo.

Kwa hiyo mwalimu mstaafu ana haki ya kusema Vita Baridi, ila neno hilo lisitumike kumalizia mazungumzo. Lumumba hakuwa mkomunisti, na aliigonga milango ya Magharibi kabla ya kuugonga wa Moscow. Kilichoogopwa ni kwamba nchi kubwa kiasi kile, yenye majirani 9 na utajiri ule wote chini ya ardhi, ingeongozwa na mtu anayejiona ana haki ya kuchagua rafiki. Madini yalihusika kwa njia hiyo: yaliifanya Kongo iwe nchi ambayo wakubwa hawakuwa tayari kuiachia iamue. Kwa maoni yangu huo ndio ubeberu, hata kama hakuna kampuni ya Kimarekani iliyopata gramu moja ya shaba kwa sababu yake.

Swali: Lumumba alipigwa risasi na Wakatanga mbele ya maofisa wa Kibelgiji. Kwa nini basi Marekani ndiyo inayolaumiwa? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Lumumba, aliyekufa usiku wa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, hakuuawa na Mmarekani, na kamati ya Baraza la Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilisema hivyo mwaka 1975. Ubelgiji ilikiri wajibu wake wa kimaadili na kuomba radhi mwaka 2002. Lakini waliomkamata Lumumba na kumpeleka Katanga ni viongozi wa Léopoldville waliokuwa wakipata fedha na ushauri wa CIA, na Devlin alijua siku kadhaa mapema kwamba mfungwa huyo angehamishiwa kwa maadui zake. Hakumzuia mtu.

Swali: Mwaka 1964 Marekani ilipeleka ndege Stanleyville (leo Kisangani) kuwaokoa mateka. Hiyo nayo mtaiita ubeberu? (Msomaji, Bujumbura)

Jibu: Mateka walikuwa wa kweli na hatari yao ilikuwa ya kweli. Wapiganaji wa Simba, waasi waliopigana na serikali ya Kongo, waliwashikilia mamia ya wageni, na alfajiri ya tarehe 24 Novemba, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka kutoka ndege za Marekani, baadhi ya mateka walipigwa risasi barabarani. Wengi sana waliokolewa, na anayedharau jambo hilo hakuwa na ndugu pale.

Hata hivyo, siku moja kabla, balozi wa Marekani William Attwood alikuwa Nairobi akizungumza na Thomas Kanza, mjumbe wa Simba, mbele ya Jomo Kenyatta, aliyeongoza tume ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu Kongo. Ndege zilikuwa zimekwisha kutua Kamina, kituo cha ndege cha Katanga. Kenyatta aliona amefanywa pazia, na hasira yake haikuwa ya bure. Siku hiyo hiyo ya uokozi, safu ya jeshi la Tshombe, ambaye sasa alikuwa waziri mkuu wa Kongo nzima, iliingia mjini ikiwa na mamluki weupe, na idadi ya Wakongo waliouawa baada ya hapo haikuhesabiwa na mtu. Tena marubani Wakyuba waliokimbia nchi yao, walioajiriwa na CIA, walikuwa wamekwisha kuanza kurusha ndege kwa niaba ya serikali ya Kongo kabla Simba hawajauteka mji wa Stanleyville mwezi Agosti, wakati ambapo hapakuwa na mateka hata mmoja wa kuokolewa.