Maswali ya Wasomaji: Laptopu Mpya, Visanduku vya Runinga na Yanayosemwa Kuvihusu

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu kutoka Nakuru, Nyanza na Magharibi zinahusu jambo moja: kampuni ikitangaza laptopu au kifaa kipya cha runinga, sifa na lawama huanza kumiminika siku iyo hiyo, na mnunuzi asijue ashike lipi. Tumechagua nne.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya upili karibu na Kakamega na nimekuwa nikiweka akiba ya kununua laptopu. Kila mashine mpya inapotangazwa, watu hulalamika kwamba ni ghali, kwamba matundu ya kuchomekea vifaa ni machache, na kwamba kumbukumbu yake haiongezeki. Binamu yangu aliye Marekani alinitajia moja ya dola 999, lakini bei niliyopewa dukani Kisumu ilinitoa jasho. Je, tunaibiwa? Na malalamiko hayo niyape uzito gani?

JIBU: Mwalimu, tuanze na bei. Bei inayotangazwa Marekani huwa haijajumuisha kodi ya mauzo, kwa kuwa kila jimbo lina utaratibu wake na mnunuzi huitozwa anapolipa, ilhali bei ya duka la Kisumu inapaswa kuwa na VAT ya asilimia 16 ndani yake, pamoja na ada za kuagiza bidhaa, usafiri na faida ya kila aliyeishika njiani. Chukua MacBook Air, laptopu ya kampuni ya Apple, iliyotangazwa Machi 2025 kwa dola hizo 999. Dola moja ikiwa takriban shilingi 130, hiyo ni kama shilingi 130,000, na ukiongeza VAT peke yake umeshafika 150,000 kabla mzigo haujaondoka Nairobi. Huenda muuzaji wako amejipendelea kidogo, lakini si tofauti yote inayoingia mfukoni mwake.

Kuhusu malalamiko, mimi huyagawa mafungu mawili: yanayotibika baada ya kununua na yasiyotibika. Uchache wa matundu unatibika. MacBook Air ya kwanza, iliyotoka mwaka wa 2008, ilikuwa na tundu moja tu la USB na haikuwa na mahali pa kuingizia CD, na wengi waliikejeli kwa hilo. Leo hata laptopu za bei ya chini huuzwa bila sehemu ya CD na hakuna anayeuliza. Wewe unachohitaji ni adapta itakayopokea flashi unayobebea mitihani na waya wa projekta ya shule. Kabla ya kuinunua, geuza projekta uitazame nyuma, kwa sababu nyingi za zamani bado zinatumia VGA, ile plagi ya buluu yenye pini 15 na skrubu mbili pembeni, na adapta ya HDMI (tundu la kisasa la picha) pekee haitakufaa kitu mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Nne.

Suala la kumbukumbu halina tiba. Katika laptopu nyingi nyembamba za sasa, RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, imechomelewa kwenye ubao wenyewe, kwa hiyo kiasi ulichonunua ndicho utakachokuwa nacho hadi siku mashine itakapokufa, na hakuna fundi wa Kakamega wala wa Nairobi atakayekuongezea kwa bei ya maana. Laptopu hiyo ya Machi 2025 ilipotangazwa, wengi walifurahi kwamba bei imeshuka kwa dola 100 na kwamba hata ile ya bei ya chini kabisa ina RAM ya GB 16, ila wakanung'unikia nafasi ya kuhifadhia, ambayo ni GB 256. Nadhani manung'uniko hayo yalizidishwa, kwa kuwa diski ya nje hupatikana kwa urahisi. Nisichoweza kukushauri ni kutumia akiba ya miaka kununua laptopu ya RAM ya GB 8 iliyochomelewa, hata muuzaji akiisifu namna gani.

Usidharau lawama za wateja, hata hivyo. Mei 2024 Microsoft ilitangaza kundi la laptopu za akili mnemba, Copilot+, zikiwa na programu iliyoitwa Recall, ambayo kazi yake ilikuwa kupiga picha za skrini mara kwa mara ili mtumiaji aweze kutafuta alichowahi kukiona. Watu walihofia siri zao, wataalamu wa usalama wakaonyesha udhaifu wake, na kampuni ikaahirisha kuitoa hadi Aprili 2025, tena kwa sharti kwamba mwenye mashine aiwashe mwenyewe. Aliyengoja alipata kifaa kilichorekebishwa. Kungoja kuna faida nyingine pia: toleo jipya linapoingia, lililotangulia aghalabu hushuka bei, na kwa kazi ya kuandaa mitihani na alama hilo la jana linakutosha kabisa.

SWALI: Nafanya kazi ya uhasibu Nakuru. Laptopu yangu ya ex-UK (iliyotumika Uingereza kabla ya kuletwa huku) inatumia Windows 10, na naambiwa haina maisha tena. Nataka kununua nyingine ya ex-UK. Nitajuaje kwamba sinunui shida ile ile?

JIBU: Huduma ya bure ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine bado inawaka na kufanya kazi, lakini isipoandikishwa katika mpango wa muda wa nyongeza, ambao kwa watumiaji wa nyumbani unaishia Oktoba 2026, haipati marekebisho ya usalama, na kwa mtu anayeshika hesabu za wateja hilo si dogo.

Windows 11 inahitaji TPM 2.0 (kipande cha kulinda usalama wa mashine) na, kwa prosesa za Intel, yaani ubongo wa mashine, kwa kawaida kizazi cha nane kwenda juu. Hapa ndipo wauzaji wengine hucheza na maneno: watakuambia "Core i5" na kunyamaza. Omba kuona jina kamili la prosesa kwenye skrini. Ikiwa ni i5-7200U, hiyo 7 inayofuata kistari ndiyo kizazi, na mashine hiyo iache hapo hapo. Ikiwa ni i5-8350U, endelea na mazungumzo.

SWALI: Kijana wangu anataka tununue kisanduku cha Android cha kuchomeka kwenye runinga. Anasema ukilipa mara moja utatazama mpira na filamu zote bila kulipa tena. Jirani yetu hapa Kondele ananunua cha pili sasa. King'amuzi nikitupe? Mama, Kisumu.

JIBU: Mama, king'amuzi usikitupe. Kile cha antena tulichokizoea tangu nchi ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka wa 2015 hunasa mawimbi ya hewani na hakili bando hata kidogo. Kisanduku, kwa upande wake, hutegemea intaneti. Netflix, kwa mfano, hushauri kasi ya Mbps 5 kwa picha safi ya HD na Mbps 15 kwa 4K, na saa moja ya HD inaweza kumaliza GB 3. Kama nyumbani mna faiba, hilo si tatizo. Kama mnategemea bando la simu, filamu mbili za jioni zitawafilisi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo ahadi. Anayekuuzia chaneli ambazo wengine hulipia kila mwezi hana idhini ya kuzigawa, na zikikatwa hutampata wa kumdai. Isitoshe, Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilionya kuhusu mtandao wa wahalifu uitwao BADBOX 2.0, uliotumia vifaa vya bei nafuu, vikiwemo visanduku vya runinga, vilivyotiwa programu hasidi hata kabla ya kuuzwa, ili wahalifu wapitishe shughuli zao katika intaneti ya nyumba za watu. Miongoni mwa dalili zilizotajwa ni kifaa kunadiwa kuwa kinatoa maudhui ya bure, na mnunuzi kutakiwa kuzima Google Play Protect, kinga ya Google dhidi ya programu hatari. Kijana akikuambia fundi amesema ikizimwa ndipo programu ziingie, mrudishieni fundi kisanduku chake.

Mkitaka kisanduku halali, tafuteni kilichoidhinishwa na Google na ambacho Netflix inakitambua. Visivyotambuliwa huonyesha picha hafifu hata kama katoni imeandikwa 4K kwa herufi za dhahabu. Na kwa kuwa radi si mgeni katika eneo letu, chomoeni umeme na waya wa antena mawingu yanapotanda, kiwe kisanduku au king'amuzi.

SWALI: Shemeji ataniletea laptopu mpya kutoka Marekani hadi Bungoma. Je, waranti itafanya kazi huku? Na umeme wetu hautaiunguza?

JIBU: Waranti hutofautiana, baadhi ya kampuni huiheshimu kote, nyingine katika nchi ya ununuzi pekee, kwa hiyo shemeji asome masharti kabla ya kulipa na aitunze risiti. Ungenunua hapa, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 ingekupa haki ya kudai bidhaa yenye ubora unaofaa kutoka kwa aliyekuuzia. Kuhusu umeme, soma maandishi madogo kwenye chaja: yakiwa 100–240V, umeme wetu wa 240V hauna neno nayo, na utakachohitaji ni waya wenye plagi ya pini tatu tu.