Shangazi Anajibu: Tusimame Wapi Kula?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Kila likizo ndefu tunakwenda kwa wazazi kwa gari, safari ya kutwa nzima. Tunakuwa mimi, mume wangu, watoto wawili na baba mkwe, ambaye ana kisukari na anachoma insulini. Ugomvi wetu ni pa kula. Mume wangu hasimami mpaka mafuta yamlazimishe, na anaamini penye malori mengi ndipo penye chakula kizuri. Safari iliyopita tulisimama hapo penye malori, tukasubiri zaidi ya saa moja, na jua halijazama mtoto mdogo alikuwa anatapika. Mgahawa mzuri wa njiani unatambulikaje kabla hujavuta kiti?
Mama wa wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mtoto. Nimepika miaka mingi kwenye mgahawa wa kando ya barabara kuu, kwa hiyo nakujibu kama mtu wa upande wa pili wa kaunta.

Nianze na malori. Dereva wa lori anatafuta kwanza mahali pa kuegesha mzigo wake bila wasiwasi, pa kuoga na pa kulala. Chakula kinafuata. Uwanja uliojaa malori unakuambia kwamba uwanja ni mkubwa na una mlinzi, basi. Mimi nawatazama waliokuja kwa miguu: mafundi, walimu, wauza duka wa jirani. Hao ukiwapa kiporo leo, kesho huwaoni. Msafiri hata ukimuudhi, keshaondoka, na mwenye mgahawa analijua hilo.

Ninachokithamini kuliko vyote ni chakula kinachopikwa, kikaisha, kikapikwa tena. Usikimbilie meza. Pita kwanza kaunta, mwombe mhudumu afunue yale mabeseni ya chuma. Chakula chenye moto wa kutosha kinatoa mvuke papo hapo. Ukiona mchuzi umefanya utando juu, na ukingoni umekauka mpaka umekuwa mweusi, hicho kimekaa tangu asubuhi. Tazama pia kitambaa alichoshika. Kikiwa ndicho kinachofuta meza, kisu na mikono, ondokeni, hata kama watoto wanalia njaa.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya saa mbili. Katikati ya nyuzi hizo bakteria wanastawi. Wapo wanaoongezeka maradufu kwa dakika 20 tu wakipata joto linalowafaa. Ndiyo maana neno "tutakupashia" halinitulizi. Kuna bakteria, kama Staphylococcus, wanaoacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Mtu anaweza kuanza kutapika nusu saa tu baada ya kula, au saa kadhaa baadaye mkiwa mmeshafika mbali. Kwa watoto, agiza kinachotoka motoni kuja mezani, hata kama ni kitu cha kawaida kabisa, na tunda watakalomenya wenyewe.

Sasa mabasi. Hili abiria wengi hawalijui. Mabasi mawili yakiingia kwa pamoja, jikoni kunabadilika kabisa. Oda zinamiminika, ubao uliokatiwa nyama mbichi unafutwa badala ya kuoshwa, na mpishi anapakua kabla nyama haijaiva mpaka mfupani. Nimesimama kwenye jiko hilo, najua watu wazuri wanavyozidiwa. Ukikuta mabasi yanashusha abiria, endelea na safari. Na ukifika yakiwa yameondoka muda si mrefu, uliza kinachopikwa upya, maana kilichomo kwenye mabeseni ni masalia.

Dawa ya foleni ni saa. Wakati wa likizo kila gari linasimama saa saba mchana. Nyinyi kuleni saa tano na nusu. Mtapata meza, mtapata choo kisafi, na chakula cha mchana ndiyo kwanza kinaepuliwa. Faida nyingine ni ya dereva: kati ya saa nane na saa kumi alasiri mwili wenyewe huingia usingizi, hata kwa aliyelala vizuri usiku. Mlo mzito juu yake ni hatari. Mumeo ale kidogo, na asimame kila baada ya saa mbili kwa dakika 15 hivi, tanki liwe limejaa au tupu. Akihisi macho mazito, anywe kahawa kisha alaze kiti, asinzie dakika 15 hadi 20. Kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo ataamka ikiwa inaanza kumshika.

Lakini ratiba yenu nzima, mwanangu, inapaswa kupangwa na baba mkwe. Mwenye kuchoma insulini akicheleweshewa chakula, sukari inaweza kushuka: jasho, kutetemeka, maneno kuchanganyika. Kama anatumia ile ya kabla ya kula, asichome kwa sababu tu mmeagiza. Asubiri sahani ifike. Ile saa moja mliyosubiri ingeweza kumwangusha. Wekeni sukari au juisi karibu na kiti chake, siyo kwenye buti. Ikishuka, apewe gramu 15 za sukari, yaani kama kijiko kimoja kikubwa au nusu glasi ya juisi, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hawezi kumeza, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Insulini nayo mshuke nayo mnapokwenda kula, kwa sababu joto la gari lililofungwa linaiharibu.

SWALI: Shangazi, nyota za kwenye ramani ya simu ni za kuaminika? Na inafaa kweli kuacha barabara kuu kwa ajili ya chakula?
Dereva wa familia

JIBU: Kumwelekeza mwenye gari pa kula si jambo la jana. Mwaka 1900 ndugu wawili wa Ufaransa waliokuwa na kiwanda cha matairi, André na Édouard Michelin, walianza kugawa bure kitabu cha kuwaongoza madereva. Nyota za migahawa zilikuja mwaka 1926, na baadaye nyota mbili zikawa na maana ya mgahawa unaostahili mtu kukunja kona kuufuata. Waliozitoa walikuwa wakaguzi. Nyota za simuni zinatolewa na yeyote, hata binamu wa mwenye mgahawa.

Mimi huanza na maoni ya miezi miwili mitatu iliyopita, kwa kuwa mpishi akihama, sifa za zamani zinabaki kwenye ramani, wala hazisemi kwamba amehama. Natafuta wanaotaja muda waliosubiri na hali ya choo. Halafu nazitazama picha za wateja, siyo za mwenye mgahawa: sahani iliyopigwa picha mezani, ukingo wake na meza chini yake.

Kuhusu kukunja kona, dakika kumi kwenda ni dakika ishirini jumla. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa hizo ni zaidi ya kilomita 30 za safari yako. Kwa mahali penye kivuli, chakula cha moto na watoto kukimbia kidogo, mimi nazitoa bila kusita. Zaidi ya hapo, tafuta pengine. Na siku ya sikukuu piga simu kwanza, kwa sababu saa zilizoandikwa kwenye ramani mara nyingi ni za siku za kawaida.