Mtoto Anaposema "Tutu" Badala ya Kuku

Nafundisha chekechea, na wazazi huniuliza sana pale getini: "Mwalimu, huyu mbona hasemi vizuri?" Huwa nauliza kwanza umri. Wa miaka mitatu anayesema "dali" kwa gari, au "lafiki", bado yuko njiani. Sauti za midomoni, m, p na b, ndizo hutangulia. K na g hutoka nyuma ya kinywa asikokuona, basi huzileta mbele zikawa t na d. R inataka ncha ya ulimi itetemeke, na wengine hawaipati mpaka miaka mitano au sita. Ama th, dh na gh, hata watu wazima wengi tunazikwepa. Mtoto wa nyumba inayosema "samani" kwa thamani atasema hivyo hivyo, na huo si ugonjwa.

Kinachoniudhi ni usahihishaji wetu. "Sema rrrudi! Haya, tena!" mbele ya wageni, wajomba wakicheka. Mtoto hapo hujifunza kunyamaza. Mimi humrudishia neno likiwa sawa, tukiendelea kuongea. Akisema, "Mwalimu, tutu amekimbia," namjibu, "Eh, kuku amekimbia? Kuku gani, yule mweusi?" Ameisikia k, na habari yake imepokelewa. Wala simwigi, hata kama "tutali" ya sukari inachekesha kweli.

Mabibi nao watasema ulimi umefungwa, ukatwe. Wapo watoto wenye utando mfupi chini ya ulimi, lakini hilo aamue daktari, si wembe wa nyumbani. Na kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kisiguswe kabisa. Hakihusiki na "lafiki".

Jambo la kulikimbilia ni masikio. Niliwahi kuwa na mtoto wa miaka minne na nusu, k zake zote ni t, s hana, akiitwa haitiki. Nyumbani walimwona mkaidi. Kumbe kila akishikwa na mafua sikio linatoa usaha, na yeye alikuwa akitusikia nusu nusu. Baada ya matibabu sauti zilikuja, polepole, ila zilikuja.

Kwa hiyo usingoje "atakua tu" ikiwa ana miaka miwili na haungi hata maneno mawili, kama "mama maji". Ikiwa ana mitatu na wageni hawamwelewi hata nusu ya anayosema. Au ikiwa anapoteza maneno aliyokuwa nayo. Hilo la mwisho ni la kwenda wiki hiyo hiyo. Wataalamu wa matamshi ni wachache, hivyo anzia kitengo cha masikio, pua na koo katika hospitali ya mkoa, omba apimwe usikivu. Mrekodi kwa simu akicheza na wenzake kabla hamjaenda, maana wengi wakifika mbele ya daktari hawafungui mdomo.