Maji miguuni kwa abiria: fundi wenu anajibu

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi nna Corolla 110 ya 1998, nimeinunua mkononi mwa mtu mwaka juzi, injini haina neno ila masika ikianza tu kapeti la upande wa abiria linalowa chapachapa, mke wangu sasa hivi anapanda na kandambili viatu vya kazini anaweka kwenye mfuko. Nimeshapeleka kwa mafundi watatu, wote wamepiga silikoni kioo cha mbele, wa mwisho kapaka mpaka kioo kinaonekana kama keki ya harusi na maji bado yanaingia. Ndani kunanuka gunia bichi. Kuna mtu kanambia niuze tu. Nifanyeje? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Usiuze bwana. Na mpe pole shemeji, hizo kandambili zitarudi nyumbani.

Hao mafundi wako watatu hakuna hata mmoja aliyetafuta maji yanapoingilia. Wameona kapeti limelowa, wakatazama juu, wakaona kioo, wakapaka. Maji kwenye gari hayaendi hivyo, yanaingia hapa yanatokea kule, yanafuata waya, yanafuata mkunjo wa bati, unaweza kukuta tundu liko karibu na waipa na dimbwi liko chini ya siti ya nyuma. Kwa hiyo kabla hujanunua gundi yoyote nataka kwanza unijibie kitu: zikipita wiki mbili hakuna mvua, kapeti linakauka au linaendelea kulowa?

Maana maji ya ndani ya gari yako ya aina tatu. Kuna ya mvua, kuna ya eisi, kuna ya hita. Watu wa Dar hita tunaisahau kabisa kwa sababu hakuna anayeiwasha, lakini hizi gari zimetoka Japani kwenye baridi, kirejeta chake kidogo kimo humo ndani ya dashibodi na maji ya injini yanapita pale. Kikitoboka kinamwaga kwa abiria. Vitabu vitakwambia futa na tishu nyeupe uone rangi ya kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini, nyekundu au kijani, inateleza na ina harufu tamutamu, sawa, lakini wengi wetu tunatia maji ya bomba kwenye rejeta, hiyo rangi itoke wapi? Wewe angalia kitu kingine: maji ya rejeta yanapungua bila kuona tone chini ya gari? Kioo kinapata ukungu wa mafuta kwa ndani? Kama ndiyo, hiyo ni hita, na mvua haihusiki. Usiyaonje, kulanti ni sumu.

Ya eisi ni rahisi zaidi. Paki gari, washa eisi dakika kumi na tano, chungulia chini. Kwa joto letu na unyevu huu wa pwani lazima kuwe na kidimbwi kinadondoka upande wa kushoto. Kama chini ni pakavu kabisa na eisi inapoza vizuri, jua yale maji yamekosa njia yanamwagika ndani. Kuna kimpira kifupi kinatoka kwenye ule ukuta wa bati unaotenga injini na ndani ya gari, kinaziba kwa vumbi, na nshawahi kukuta dondola kajenga nyumba yake ya udongo mlemle, tena kaijenga vizuri kuliko mafundi wengine wa ujenzi. Unakizibua kwa kuingia chini ya gari, kwa waya laini na taratibu, usisukume ndani sana utatoboa kipozeo cha eisi na hapo utalia na pesa nyingine.

Ila wewe umesema masika. Basi tuongee mvua, na mi nitaweka dau kwenye kitu ambacho hao wote hawakufungua.

Chini ya waipa pana ile plastiki nyeusi yenye matundu. Watu wengi wanadhani ni urembo. Pale ndo maji yote ya kioo yanaposhukia, kuna kama mfereji umefichwa chini yake, maji yanakwenda pembeni kushoto na kulia yanashukia nyuma ya fenda yanatoka chini. Humohumo kwenye mfereji ndo pana shingo ya kuvutia hewa ya feni ya ndani, na kwenye gari zetu za usukani wa kulia feni iko nyuma ya droo ya dashibodi, miguuni kwa abiria. Sasa paki gari chini ya mwarobaini miaka mitatu. Vile vijani vyake vidogo vinapita kwenye matundu kama vile yalipimwa kwa ajili yao, vinaoza, vinakuwa tope, njia ya maji inaziba, mvua ikipiga maji yanapanda ndani ya mfereji mpaka yanavuka ile shingo yanaingia kwenye feni, yanamdondokea shemeji mguuni. Ukikata kona unasikia maji yanacheza ndani ya dashibodi chwaa, au ukiwasha feni inakwaruza kama ina karatasi ndani, ndo hiyo.

Naijua kwa sababu ilinikuta. Nlikuwa na Carina, kioo nikakifungua na kukifunga tena mara mbili, kazi ya kuchosha kweli, maji yaleyale. Siku moja natafuta nati iliyodondoka nikatoa hiyo plastiki, kumbe mule ndani mna mbolea, na mche wa mpapai umeota una majani manne. Nikachota kwa mkono nikajaza ndoo nusu. Sijalowa tena mpaka nauza ile gari.

Kwa hiyo fanya hivi. Toa mikono ya waipa, nati zake ziko chini ya vikofia, weka alama kwenye kioo zilipokaa usije ukazirudisha zikapigana. Toa klipu za plastiki polepole maana zimekauka zitavunjika, nunua mpya chache uweke akiba. Chota uchafu wote kwa mkono, usipige maji ya presha utausukuma uzibe chini kabisa. Alafu mimina jagi la maji upande mmoja uone yanatoka wapi, yatoke haraka nyuma ya tairi la mbele. Yakisimama hata kidogo bado hujamaliza, na mara nyingi uchafu wa mwisho umekaa nyuma ya ile plastiki ya ndani ya fenda, itoe.

Kama umesafisha na bado, ndo unatafuta sasa kwa utaratibu. Toa siti ya abiria, nyanyua kapeti, kausha bati, tandaza magazeti. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine ashike mpira wa maji nje, maji ya kawaida tu yanayotiririka, mashine ya kuoshea gari hapana, ile inasukuma maji hata kwenye raba nzima na utatafuta ugonjwa ambao haupo. Anzia chini kwenda juu. Chini ya mlango dakika tano, kimya, yule wa ndani anaangalia. Hamna kitu, panda kwenye pembe ya chini ya kioo, alafu pembeni, alafu juu, alafu paa. Ukianzia juu maji yanalowesha kila kitu kwa mpigo mmoja na hutajua lipi ni lipi. Ukipaka chaki kwenye bati la ndani mstari wa tone unauona wazi unatokea wapi.

Mlango nao usiusahau. Maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida, yanapita pembeni ya kioo yanashuka na kutoka kwenye vitundu vya chini, kwa hiyo kwanza hakikisha vitundu haviko na tope. Kinachozuia maji yasije kwako ni ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya jalada la mlango. Hiyo nailoni kila aliyefunga spika au alamu ameichana na hakuna aliyeirudisha. Kata nailoni nzito mpya, ibandike na utepe mweusi unaonata usiokauka, na ule ukingo wa chini uuingize ndani ya mlango ili tone lirudi mlangoni. Ukiuacha nje umefanya kazi bure.

Na ikithibitika kweli ni kioo, hiyo keki yote itoke. Silikoni ya dukani ile inayonuka siki ina asidi, inakula bati taratibu, na gundi ya kioo haishiki juu yake. Kioo kitolewe, kutu ikwanguliwe mpaka bati lionekane, ipigwe praima, alafu gundi nyeusi ya vioo, na gari ilale siku moja bila kubamiza milango.

Mwisho harufu. Chini ya kapeti pana sponji nene inashika maji kama godoro, juu unagusa pakavu chini bwawa. Litoe lote, lianikwe juani siku mbili tatu, na lisirudi mpaka sponji iwe kavu ukiibinya. Ukiwa umelitoa angalia soketi za waya zilizopita sakafuni, yenye ukijani isafishwe, manake hizo ndo zinazokuja kukuwashia taa za ajabu kwenye dashibodi mwezi wa saba wakati mvua umeshaisahau.

SWALI: Nina Noah ile ya zamani, SR40, ina vioo vya juu. Mvua ikinyesha maji yanadondoka karibu na taa ya ndani, na upande mmoja yanatiririka kwenye nguzo ya mlango. Fundi anasema tuzibe sanruufu yote (hivyo vioo vya juu) na sika, ile gundi ya kuzibia, isifunguke tena. Ni sawa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Itaacha kudondoka mwezi huu, ndio. Lakini raba ya sanruufu haikutengenezwa kuzuia maji yote. Maji yanaruhusiwa kupita kidogo, yanadakwa na trei, na kwenye pembe za trei kuna vimpira vyembamba vinashuka ndani ya nguzo kuyatoa nje. Vikiziba trei inajaa inafurika, unalowa kichwani. Fungua kioo, mimina maji nusu kikombe kwenye pembe, tazama chini. Pembe ambayo maji yamekaa ndo yenye shida.

Wewe uko Tanga, wauza zana za uvuvi hawakosekani, nunua mshipi mnene wa kuvulia samaki, upitishe taratibu kutoka juu huku unauzungusha. Waya mgumu usitumie, utatoboa mpira ndani ya nguzo na hapo ni kushusha silingi nzima, yaani dari ya ndani. Upepo wa kompresa hivyohivyo, unachomoa mpira kwenye kiungo chake ndani ambako huoni. Kwako upande mmoja unatiririka kwenye nguzo, mi nahisi huo mpira tayari umeshachomoka au umepasuka, kwa hiyo usishangae mshipi ukipita vizuri na maji bado yakaja, itabidi jalada la nguzo litoke.

SWALI: Anko fundi, gari yangu ndogo ya saluni nikifungua buti nakuta maji chini ya tairi la spea, yanafika hata inchi mbili, na raba ya buti nimebadilisha mpya. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Raba wanaionea sana. Toa taa za nyuma. Kila taa imekaa juu ya sponji au raba nyembamba, ikishakauka inapasuka kama mkate wa juzi, na kama gari iliwahi kugongwa nyuma ndo kabisa, mtu karudisha taa na sponji ileile ya zamani. Mtu mzima mmoja aingie kwenye buti na tochi (mtoto hapana hata kama anaomba, na funguo kaa nayo mkononi, siti ya nyuma iwe imelazwa), mwagia maji kwenye taa kwanza, alafu kwenye mshono wa pembeni wa paa unaposhukia buti, alafu yale matundu ya kupumulia yaliyojificha nyuma ya bampa, yana vilango vya raba ambavyo vinaoza.

Kwa sasa chini ya hilo tairi kuna kizibo cha raba, kichomoe maji yatoke, kausha, kwangua kutu upake rangi. Alafu kirudishe. Mteja wangu mmoja alikiacha wazi makusudi ili maji yawe yanajitokea yenyewe, kasafiri kiangazi njia ya vumbi, kafungua buti nguo za harusi zote zimekuwa rangi ya udongo.