Dar tumebanana, Lindi pori tupu, kwa nini watu wasigawanywe?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi nakaa Mbagala, juzi nilienda Liwale kwenye msiba wa mjomba, njiani pori tu masaa na masaa, nikawaza si serikali ipange watu wahamie huko? Halafu kuna jamaa ananishawishi ninunue shamba kule, ninunue? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Pole na msiba ndugu yangu. Hilo la kupanga watu lilishajaribiwa, waulize wazee hapo mtaani. 1983 ilikuja Nguvu Kazi, asiye na kazi Dar anakamatwa anapakiwa kwenye gari anapelekwa kijijini, na wengi wakarudi mjini kimyakimya maana kule walikopelekwa hela haipo. Mtu hafuati nafasi, anafuata hela na hospitali na shule ya watoto.

Sensa ya 2022 Dar ilikuwa na watu milioni 5.4, Lindi nzima milioni 1.2 tu na ukubwa wake wala usiulinganishe na Dar. Ila pori la Liwale lisikudanganye, kipande kikubwa ni hifadhi, Selous pamoja na Nyerere iliyomegwa humo 2019, kwahiyo sio ardhi inayosubiri watu. Na barabara nayo, kabla ya daraja la Mkapa pale Rufiji 2003 kwenda kusini ilikuwa ni kusubiri kivuko, nani angehamia?

Sasa Dar yenyewe kasi imepungua, kati ya 2002 na 2012 ilikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka, miaka kumi iliyofuata 2.1. Usishangilie lakini, angalia Pwani, imetoka milioni 1.1 mpaka 2 kipindi hichohicho. Watu wanajenga Kibaha na Mkuranga asubuhi wako Kariakoo, mi naona hiyo ni Dar ileile imevuka mpaka.

Dodoma ndo imenifanya niamini kwamba watu wanafuata hela. Ilitangazwa makao makuu 1973 watu wakaendelea na Dar yao, mpaka 2016 wizara zilipoanza kuhama kweli, na mishahara ikaenda nazo, akafuata fundi, mama ntilie, mwenye nyumba za kupanga. Jiji lilikuwa na watu laki 4 na kidogo 2012, sensa ya 2022 linakaribia laki 7 na 70. (Japo wapo watumishi familia zimebaki Dar, Ijumaa wako kwenye treni ya SGR.)

Kuhusu shamba, ulizia kwanza liko umbali gani na hifadhi maana tembo hawana simile na mahindi, na kama ni njia ya mifugo, wafugaji wengi wameshahamia Lindi na ugomvi na wakulima upo. Nenda ofisi ya kijiji mwenyewe, usiishie kwa huyo jamaa, na hela usitoe kabla hujaona muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliokubali upewe hiyo ardhi.