Maswali na majibu: daktari wa maumivu mbele ya sheria

Swali (Makole, Dodoma): Ninatibu maumivu ya mgongo katika kliniki binafsi. Mwakilishi wa kampuni ya dawa ameniahidi "asante" kila mwezi nikiandika dawa yake, ingawa sikumwomba. Je, ni kosa kuipokea?

Jibu: Ni kosa, daktari. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaigusa sekta binafsi pia, na anayepokea ana hatia sawa na anayeomba. Marekani ilipiga marufuku malipo ya namna hii katika mipango ya matibabu ya serikali tangu 1972, na bado kampuni ya Insys Therapeutics iliwalipa madaktari kwa kisingizio cha kutoa mihadhara ili waandike fentanili yake ya kupuliza mdomoni, dawa kali sana ya maumivu iliyoidhinishwa kwa wagonjwa wa saratani tu. Mwanzilishi wake, John Kapoor, alihukumiwa kifungo cha miezi 66 mwaka 2020, na baadhi ya madaktari waliopokea fedha hizo nao walifungwa. Linaloniumiza zaidi ni wagonjwa wasio na saratani waliopewa dawa kali kiasi hicho kwa sababu tu daktari wao alikuwa amekwisha kulipwa.

Swali (Kondoa): Kwetu wagonjwa wa bima husaini fomu mapokezini kabla ya kumwona daktari, ili foleni ipungue. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, acheni leo. Fomu iliyosainiwa mapema inaweza kujazwa huduma ambayo mgonjwa hakupewa. Sindano ikiandikwa humo na mgonjwa hakuchomwa, hilo ni dai la uongo kwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na saini ya mgonjwa haimkingi aliyelijaza.

Swali (Mpwapwa): Nina mgonjwa wa saratani anayelia usiku kucha. Naogopa kumwandikia mofini, dawa kali ya maumivu, nisije nikakamatwa kwa dawa za kulevya.

Jibu: Tafadhali usimwache. Mofini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1977, na sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 haikutungwa kuwanyima wagonjwa tiba halali. Hata Marekani, ambako madaktari wengi wameshtakiwa, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2022, katika shauri la daktari Ruan, kwamba mwendesha mashtaka lazima athibitishe kuwa daktari alijua anaandika dawa isivyoruhusiwa. Kwa hiyo weka katika faili ugonjwa, ukali wa maumivu, dozi, sababu yake na tarehe ya kumwona tena. Na katika cheti hichohicho cha dawa andika dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga tumbo.